Siku Mama Alipomkosoa Mwalimu Wake

Mama yangu hajui kupaza sauti, na mimi sijui kuishusha. Ndiyo maana alipotangaza kwamba atawania uwakilishi wa wadi yetu hapa Amu, mnakokuita Lamu, nilijipa mwenyewe kazi ya kumfunza kusema. Hakuniomba. Nilikuwa nikitoka kazini Shela, kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi ya mapokezi, nikija kwa miguu kando ya bahari hadi nyumbani, na kabla sijavua buibui nimeshaanza kutoa somo.

Midahalo ya wagombea wakubwa nimeiangalia kwenye televisheni tangu nikiwa shule, na nilikuwa na hakika siri yake naijua. Anayeshinda ni yule anayemkatiza mwenzake, anayenyoosha kidole, anayetabasamu kwa dharau mwenzake anaposema jambo zito. Maneno watu huyasahau. Sura hawaisahau. Basi nilimsimamisha Mama mbele ya kioo cha kabati, mwalimu mzima wa shule ya msingi aliyefundisha watoto wa watu miaka mingi, nikamwamrisha kama askari wa kuajiriwa jana, nikianzia na macho.

"Mkazie mato, Mama. Mtu akikaziwa mato hubabaika."

"Nimkazie nani mato?" aliniuliza. "Mwalimu?"

Hapo ndipo penye taabu. Mpinzani wake mkubwa, aliyekuwa amekikalia kiti hicho kipindi kizima, alikuwa mwalimu wake wa chuo. Chuo kwetu ni pale mtoto anapoanzia alifu, kabla hajajua shule ya serikali iko upande gani. Alimfunza Mama yeye akiwa bado kijana, akaja kunifunza mimi ndevu zake zikiwa zimeshaingia mvi. Kusoma kwetu na kusali kwetu vyote vilipitia mkononi mwake.

Somo lake moja sijalisahau. Alitupanga safu, wavulana mbele na wasichana nyuma, akasimama yeye kama imamu, kisha akakosea kwa makusudi ili tumkumbushe. Wavulana walitakiwa waseme "Subhanallah." Sisi wasichana hatukutakiwa kutoa sauti. Tulitakiwa kupiga kofi moja, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Sisi, kwa utundu wetu, tukapiga makofi ya harusini.

"Mwamkumbusha imamu, hamutezi ngoma," alisema, na uso wake haukucheka. Kisha akatueleza kwamba imamu akikumbushwa hakasiriki. Hurudi pale alipokosea, akatengeneza, akaendelea.

Mama naye alikuwa amefunzwa hayo hayo, kwa maneno hayo hayo. Kwa hiyo nilipomwambia amkatize mwalimu mbele ya watu, aliniangalia kama niliyemwambia atoke nje kitwa wazi.

"Kiti nakitaka, mwanangu," alisema. "Lakini radhi ya mwalimu siiuzi."

"Radhi haipigiwi kura," nikamjibu.

Alikigeuzia kioo mgongo. Mama akigeuka hivyo huwa amekataa, na mimi nilikwenda kulala na hasira zangu. Nilimpenda na nilitaka ashinde, na nilijua tukiendelea hivi atakwenda kukaa pale mbele kama mwanafunzi anayengoja kuitwa, na mji utamwona mwanamke mwoga.

Mdahalo ulifanyika baada ya Alasiri katika uwanja wa shule, na redio moja ya pwani ikautangaza moja kwa moja. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wetu, na katikati pakaachwa ndia ya kupita. Jukwaani viliwekwa viti vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mwalimu, cha pili cha Mama, na cha tatu cha kijana mmoja wa hapa hapa aliyekuwa amekaa Nairobi miaka mingi, akarudi na koti la suti lililomfanya atiririke jasho. Muongozaji alikuwa kijana wa redio kutoka Mombasa, mwenye adabu zake lakini mgeni wa mambo yetu.

Mwalimu alipopanda jukwaani, Mama alisimama. Akampa mkono aliouvika ncha ya buibui, akainamisha macho, akangoja mpaka mwalimu akae ndipo naye akakaa. Nikasema moyoni, kwisha habari. Yule kijana wa suti hakusimama. Alikuwa anasoma simu yake.

Na mwanzo, wallahi, yule kijana alitupiga bao. Alisema kwa kasi, akachanganya Kiswahili chetu na cha Nairobi, akanyoosha kidole. "Mzee, muda wako umeisha, waachie vijana!" Vijana wenzake wakapiga miluzi. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mama akapewa nafasi, akasema taratibu yale aliyoyataka kusema juu ya shule na maji, macho yake mara kwa watu, mara chini. Mama mmoja nyuma yangu akamuuliza mwenzake kama mgombea wetu anaumwa.

Ndipo mwalimu akaulizwa juu ya maji. Akaeleza vizuri, kama kawaida yake, kisha akasema, "Na mfereji wa mtaa wa juu sasa watoa mayi kula siku."

Uwanja ukanong'ona. Mfereji ule ulikuwa mkavu tangu kabla ya Ramadhani. Wanawake tuliokaa pale, nusu yetu asubuhi hiyo tulikuwa tumebeba ndoo au tumemlipa mwenye punda. Hakuna asiyejua. Nikamkodolea macho Mama, nikimwomba kwa kila nilicho nacho asimame, amwambie huo ni uongo.

Mama hakusimama. Aliweka mkono wa kushoto juu ya paja, akainua wa kulia, akaupiga mgongo wa ule wa kushoto. Kofi moja. Maikrofoni iliyokuwa mbele yake ikalichukua, likasikika uwanja mzima.

Muongozaji akatabasamu. "Naona Bi mgombea anampigia makofi mpinzani wake!"

Hakuna aliyecheka naye. Sijawahi kuona watu wa Amu wengi kiasi kile wakanyamaza pamoja nje ya msikiti. Mwalimu alikuwa tayari amefungua kinywa kwa sentensi nyingine, akakifunga. Akavua miwani. Nikamwona akirudi, kama alivyotufunza, mpaka pale alipokosea.

"Nimeteleza," akasema. "Mfereji ule hautoi mayi. Naliambiwa utatengezwa, nami nikasema kama uliokwisha kutengezwa. Si kweli."

Yule kijana wa suti aliona mwanya, akaruka juu. "Mwaona? Mzee ni mwongo! Amejisema mwenyewe!" Akamnyooshea kidole kile kile kilichokuwa kimetufurahisha mwanzo. Safari hii miluzi haikuja. Wazee wa mbele waligeuza nyuso pembeni, na mama aliyekuwa nyuma yangu, yule wa kuuliza kama Mama anaumwa, akasema kwa sauti, "Kaa kitako, mwana wa watu." Na akakaa.

Muongozaji alimuuliza Mama kama ana la kuongeza. Mama akasema, "Mwalimu amesema kweli. Mimi nikipata kiti, mfereji ule ndio wa kwanza." Basi. Hakuongeza neno, na nilikuwa nimemwandalia maneno ya kutosha kujaza gunia.

Nilitoka pale kifua mbele kama niliyefanya mimi. Jioni simu ya shangazi yangu anayekaa bara ilinirudisha chini. Yeye alikuwa amesikia kwa redio tu. "Kwani mamako amejitoa?" aliuliza kwa uchungu. "Nimesikia ampigia makofi mwalimu, kisha redio ikanikatikia!" Nikamweleza ilivyokuwa. Mara nikasikia kofi lake mwenyewe kwenye simu, akijaribu. "Hivi?" akauliza. "Hivyo," nikamwambia. Akacheka mpaka akalia.

Si wote waliopenda. Wako waliosema mambo ya sala hayachezewi kwenye siasa, na mmoja alikuja mpaka ukumbini mwetu kumwambia Mama hivyo. Mama alimsikiliza, akamkaribisha kahawa, akamwambia hana neno, kila mtu na alivyoona. Na wako waliompigia kura mwalimu kwa sababu ya siku ile ile, wakisema mtu anayekubali kosa mbele ya redio si wa kuachwa. Siwalaumu. Na mimi ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, huenda ningefikiri hivyo.

Lakini wengi walimchagua Mama. Waliponieleza kwa nini, hakuna aliyetaja shule wala sera. Walitaja namna alivyosimama mwalimu alipoingia, na lile kofi. Mimi niliyemsimamisha mbele ya kioo nilibaki kusema ndiyo, ndiyo, kama aliyekuwa akijua tangu mwanzo.

Mwalimu alikuja kumpa hongera mbele ya watu, kwa heshima zote. Hata hivyo Mama hakutulia. Kila alipopita mlango wa chuo alipunguza mwendo, na siku moja aliniambia, "Hongera amenipa. Radhi siyui." Nilimwambia anajitafutia maradhi.

Miezi ilipita. Mfereji wa mtaa wa juu ukatoa maji, na Mama akaitisha mkutano katika uwanja ule ule kueleza kazi aliyoifanya. Safari hii kulikuwa na kiti kimoja mbele. Mwalimu alikuja akakaa safu ya kwanza, pamoja na wazee wengine, bakora mkononi. Mama alianza vizuri. Akashangiliwa, na kushangiliwa kukamnogea, kwani naye ni binadamu. Sauti ikapanda, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Nami nilikuwa nikishangilia kuliko wote.

"Na sasa," akasema, "mifereji yote ya wadi hini yatoa mayi!"

Kutoka safu ya mbele ikaja sauti moja, si kubwa, wala si ya hasira.

"Subhanallah."

Alikuwa mwalimu. Hakuwa amenyanyuka, wala hakumwangalia Mama usoni. Aliangalia mbele yake, chini, kama aangaliavyo mtu aliye nyuma ya imamu.

Mama alikatiza maneno. Nikadhani atalia mbele ya mji mzima. Akarudi mpaka pale alipokosea.

"Si yote," akasema, kwa sauti yake ile ya siku zote. "Miwili bado. Ahsante, mwalimu wangu."

Kisha akaendelea, na mimi nikashindwa kushangilia, kwa sababu nilikuwa nalia.