Masizi kwenye Pembe ya Shuka

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine darasani kwetu aliyekuwa nayo, au kama alikuwa nayo hakuisema: nilikuwa nang'oa kope za bibi yangu. Kila asubuhi kabla sijaenda shule, bibi alitandika ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba, upande wenye jua, akaniwekea kichwa mapajani. Nilishika kibano kidogo kilichotengenezwa na mhunzi, nikaanza kutafuta. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, na kila akipepesa zilimkwangua jicho. Nikizing'oa alipata nafuu kwa siku chache. Kisha ziliota tena, fupi na ngumu, zikawa mbaya kuliko za kwanza.

Niseme ukweli, niliipenda ile kazi. Bibi yangu alikuwa mtu wa kuamrisha boma zima, watu na ng'ombe, lakini kwa ile nusu saa alikuwa wangu, na hakuweza kunifokea kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kibano.

Sisi ni Wadatoga, tulikaa pembeni ya kijiji cha Balangdalalu. Baba na mama walikuwa mbali na mifugo, malishoni, na mimi niliachwa kwa bibi kwa ajili ya shule, pamoja na wadogo zangu wawili, watoto wa baba mdogo. Nzi walikuwa wengi, kama kwenye boma lolote lenye ng'ombe, na hakuna aliyejisumbua kuwafukuza usoni mwa mtoto. Nyumba yenye nzi ilionekana ina maziwa.

Bibi alikuwa na imani moja kuhusu kope, aliyoipata kwa mama yake. Ukope uliotoka kwenye jicho bovu haukutakiwa kuanguka chini. Mtu akiukanyaga, ugonjwa unampanda kupitia unyayo, unapita mgongoni, unamfikia machoni. Kwa hiyo kila nilipong'oa ukope nilimpa mkononi, naye akaufungia kwenye pembe ya shuka lake. Jioni alifungua fundo na kuzikung'uta zote kwenye moto. "Hutarithi macho yangu," aliniambia. "Sitakubali nikiwa hai."

Asubuhi moja mwana-mbuzi aliruka akamkanyaga bibi tumboni. Nilicheka mpaka kibano kikatikisika, na ukope niliokuwa nimetoka kuung'oa ukapotea.

"Lete," bibi alisema, mkono wazi.

"Nimekupa zote, bibi."

"Umenipa tatu. Nimeumia mara nne."

Ndivyo alivyokuwa. Macho hayakumsaidia sana, lakini maumivu aliyahesabu bila kukosea hata moja. Nikatafuta kwenye ngozi, nikatafuta vumbini, hakuna kitu. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka kwa aibu: nilinyoosha mkono nikang'oa unywele wa yule mwana-mbuzi, nikampa. Bibi akaupapasa, akaridhika, akaufunga.

Wiki haikuisha, macho yangu yakawa mekundu. Asubuhi niliamka yamegandana kwa tongotongo, ikabidi niyafungue kwa maji. Nilijua kabisa kilichotokea. Nilikuwa nimeukanyaga ule ukope. Tena nilihisi unyayo wa kushoto unawasha, nikasema ndiko ulikopitia. Bibi aliponiona, aliniangalia miguu. "Uliangusha," alisema. Nikakana. Basi akawa ananifuta macho kila mara kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kiboko, kwa sababu sikuustahili.

Kulikuwa na hofu nyingine, kubwa zaidi, ambayo watu wazima hawakuisema mbele yangu. Kwa jirani palikuwa na msichana aliyeacha shule akiwa darasa la tatu ili amwongoze bibi yake aliyepofuka. Msichana alitangulia ameshika ncha moja ya fimbo, bibi akafuata ameshika ncha ya pili. Jicho la kulia la bibi yangu lilikuwa limeshaanza kuwa na ukungu mweupe, na kila mtu alijua fimbo inayofuata ni ya nani. Hata mimi nilijua. La ajabu ni kwamba sikuhuzunika. Nilijiona mtu muhimu.

Ndipo alipokuja Tluway na pikipiki yake. Alikuwa mhudumu wa afya, kijana wa Kiiraqw, yaani Mmbulu kama tulivyowaita sisi, kutoka Tumati, aliyepewa kazi ya kupita boma kwa boma kuangalia macho ya watu. Alikuwa na tochi, na miwani yenye lenzi nene aliyoifunga kichwani kwa mpira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi akajibu, na hapo Kiswahili chake kikawa kimekaribia kuisha. Yaliyobaki yalipitia kwangu.

"Mwambie huyu Mmbulu," akaniambia kwa Kidatoga, "kama amekuja kuhesabu ng'ombe, wote wamekufa."

"Bibi anasema karibu sana," nikatafsiri.

Tluway akashukuru. Alimwangalia bibi macho kwa muda mrefu. Akawaangalia wadogo zangu. Zamu yangu ilipofika, alipokuwa amenigeuza ngozi ya jicho na kunimulika, nilishindwa kuvumilia. Bibi alikuwa amekaa pale pale, lakini nilikuwa najificha ndani ya Kiswahili.

"Dokta, ni mimi mwenyewe," nikamnong'oneza. "Niliangusha ukope wa bibi nikaukanyaga. Halafu nikampa wa mbuzi."

"Wa mbuzi?"

"Ndiyo."

"Bibi anajua?"

"Hajui."

Akageuka pembeni, akakohoa sana. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia. "Na hizo nyingine huwa mnaweka wapi?"

Nikamwonyesha pembe ya shuka. Wakati huohuo mdogo wangu wa mwisho alikuja analia, na bibi akamvuta, akamfuta macho na pua kwa pembe ileile. Kisha akanifuta mimi. Kisha akajifuta mwenyewe. Tluway alikuwa anaifuata ile pembe kwa macho kila ilikokwenda.

Wahudumu wengi wangeanza kuhutubia hapo. Yeye aliomba sufuria.

"Mwambie bibi naomba ruhusa. Nataka kupaka masizi kidogo kwenye pembe ya shuka lake, halafu aendelee na kazi zake kama kawaida. Nikimaliza nitalifua mwenyewe."

Nilipotafsiri, bibi alicheka. "Mwanaume atafua? Apake! Apake lote!"

Akapaka kwenye pembe tu. Tukaletewa maziwa, mazungumzo yakahamia kwenye mvua na malisho, na bibi aliyapenda mazungumzo yale kiasi kwamba akasahau habari ya masizi. Mtoto akilia, anafuta. Jicho likimchoma, anafuta. Mimi nikimwinamia kutafsiri, ananifuta kwa mazoea tu. Kibuyu cha maziwa hakikuwa kimeisha pale mdogo wangu mkubwa alipomtazama mwenzake, akapiga yowe na kukimbilia zizini.

Tulikuwa weusi wote, watoto watatu na bibi wa nne. Masizi yalikuwa yamezunguka macho yetu mpaka puani. Wanawake wa boma walikuja kuona, wakashika mbavu kwa kicheko. Bibi alinivuta mpaka pua zetu zikakaribiana, kwa sababu mbali hakuona. Akanishika kidevu, akanigeuza kulia na kushoto. Akaishika pembe ya shuka akaiangalia. Hakucheka tena.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyempa."

"Bibi anasema..." nikaanza, nikakwama.

"Hapana, bibi," Tluway akamjibu, kwa Kidatoga safi kabisa. "Ni nguo, si wewe. Ulijua ugonjwa huu unahama, na ni kweli unahama. Wewe ulikuwa unawalinda. Ila haupiti miguuni. Unapita hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe alikuwa ameelewa kila neno tangu mwanzo, na mimi nimetafsiri kutwa nzima. Bibi akasema, "Basi na ng'ombe wangu wamefufuka, kwa kuwa ulisikia." Wakacheka wote wawili. Tluway alilifua lile shuka mbele ya umati kama alivyoahidi, na kwa wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa Balangdalalu, mwanaume aliyefua shuka la bibi kizee.

Baada ya hapo kila mtoto alipata kitambaa chake. Dumu lenye tundu lilining'inizwa mlangoni, na asubuhi hakuna aliyepata maziwa kabla hajanawa uso. Tluway alirudi na dawa ya kumeza na fimbo ndefu yenye alama, akatupima urefu mmoja mmoja ili ajue kila mtu ameze kiasi gani. Mdogo wangu alisimama kwa ncha za vidole ili apewe nyingi. Macho yangu yakapona. Siri ya mbuzi Tluway hakumwambia mtu.

Kope za bibi ndizo hazikuwa na dawa ya kumeza. Zilihitaji kisu kidogo kwenye ngozi ya jicho, ili zigeuke zitazame nje. Na mnadani watu walikuwa wanasema kwamba ukienda hospitali wanang'oa macho yako na kukuwekea ya mbuzi. Tluway hakubishana. Alimletea bibi mama mmoja wa rika lake aliyekuwa ameshafanyiwa. Bibi alimkalisha, akamhoji kama askari.

"Ukiona majani mabichi unajisikiaje?"

"Kawaida tu."

"Hutamani kuyatafuna?"

"Sitamani, dada yangu."

"Fungua mdomo."

Mama wa watu akafungua. Bibi akamkagua meno. Kesho yake asubuhi akapanda nyuma ya pikipiki ya Tluway, akajifunga shuka vizuri, na kuondoka bila kumuaga mtu. Alirudi akiwa na bandeji. Ilipotolewa na uvimbe ukaisha, alizunguka boma lote akilalamika: vibuyu havijaoshwa, uzio umelegea, ndama wawili wamekonda na hakuna aliyemwambia. Ukungu wa jicho la kulia ulibaki pale ulipofika, ila haukusogea tena, na jicho la kushoto likawa linatosha. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikaendelea, na sasa ni mwalimu Mbulu mjini.

Kwa miaka mingi niliamini yule mama mwenye meno ya mtu ndiye aliyemshawishi bibi, na nilisimulia hivyo kila nilipotaka kuchekesha watu. Likizo moja nikaisimulia mbele yake.

"Yule?" bibi akasema. "Yule sikumwamini hata kidogo. Alikuwa anatafuna kitu."

"Sasa kwa nini ulikwenda, kama uliamini watakuwekea macho ya mbuzi?"

Alikuwa anasuka kamba ya ndama, na hakuacha kusuka. "Wewe ulikuwa tayari kushika fimbo ya kuniongoza. Nilikuona. Ulikuwa unafurahi." Akavuta kamba, akaikaza. "Mimi nilikuwa nimeshaona vya kutosha, mjukuu wangu. Wewe ulikuwa bado hujaona kitu."

Nimewafundisha watoto wengi kunawa uso, na nimesikia wataalamu wakiwacheka bibi kama wangu kwa imani zao, lakini mimi siwezi. Alinilinda kwa shuka, akakosea. Kisha akanilinda kwa kukubali kisu, huku akiamini atarudi na macho ya mnyama. Kwake ilikuwa kazi moja. Nilimwambia asante siku hiyo, nikiwa nimechelewa miaka mingi, na machozi yakanitoka. Akaniangalia kwa jicho lake zuri, akasema niache kulia nikafunge ndama.