Kona ya Nyumba ya Baba

Nyie wenzangu mliosoma wakati mkebe mmoja wa hisabati ulikuwa unazunguka darasa zima, sogeeni tucheke kidogo. Mkebe wetu pale Chimala ulikuwa na bikari isiyo na penseli, kipimapembe kilichotafunwa ukingoni na rula iliyoanzia sentimita ya tatu, maana mbili za mwanzo zilivunjika zamani. Ukitaka kuchora pembetatu unanyoosha mkono tu, mkebe unarushwa kutoka dawati la nyuma. Na tulifaulu hivyo hivyo!

Shuleni tulienda na ufagio mkononi na miwa kwenye mfuko wa rambo. Upepo ulileta harufu ya pumba kutoka mashine za kukoboa, na mchana tulikula makande tukiwa tumesimama ili tuwahi kucheza rede. Mimi kwenye rede nilikuwa moto. Kwenye hisabati, jamani, nilikuwa wa kuhurumiwa.

Mpaka alipokuja Mwalimu Sekela kutufundisha darasa la saba. Siku ya kwanza ya jometri alitutoa nje na kamba ya katani iliyounganishwa ncha kwa ncha, yenye mafundo, nafasi kumi na mbili zilizolingana. "Wewe shika mwisho wa nafasi ya tatu, wewe mwisho wa nne zinazofuata, zinabaki tano. Kazeni!" Tukakaza. "Hiyo kona hapo katikati ya tatu na nne ni nyuzi tisini kamili. Sasa nendeni mkapime kona za makwenu."

Wee, tulipima! Vitanda, milango, mabanda ya kuku. Bibi mmoja jirani alituuliza nani kafa, alidhani tunapima jeneza.

Nyumbani kwetu kulikuwa na jambo zito. Mama alikuwa amengoja nyumba ya matofali tangu anaolewa. Matofali yalishachomwa, bati zimeegemezwa ukutani, na mafundi walikuwa wanakuja Jumatatu kuchimba msingi. Jumamosi ile baba alikuwa ameshapiga vigingi na kuvuta kamba mwenyewe. Upande wa mbele aliufuata mfereji, ubavuni akafuata tuta la jaruba letu la mpunga. Kwetu kila mtu alifanya hivyo, maana nani asiyejua jaruba lina kona nne?

Nikachukua kamba ya mbuzi, nikafunga mafundo kumi na mawili, nikapima. Haikukubali. Nikarudia. Ikagoma tena. Nyumba ikipinda, bati hazikai, na mvua za kwetu mnazijua. Lakini enzi hizo mtoto kumwambia baba yake amekosea ilikuwa ni kujitafutia fimbo. Nikamkimbilia mama.

"Mimi sijui hesabu," mama akasema huku akipepeta mchele. "Kamwambie mwenyewe. Na anza na shikamoo."

Baba akarudi na tope mpaka magotini. Nikamwamkia, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kona ya mbele imepinda.

"Atu, umeanza kunifundisha kazi?" Akaitazama kamba yangu. "Hii ya mbuzi? Mbuzi kaivuta mpaka imelegea, ndiyo unanipimia nyumba?"

Nilikuwa nalia sasa, ila sikuondoka. Sijui ukaidi ule niliutoa wapi. Nikasema, "Basi baba, pima kwa fito yako."

Akakata fito moja iliyonyooka. Akapima fito tatu upande wa mfereji, akaweka alama. Fito nne upande wa jaruba, akaweka alama. Mimi nikamwambia kutoka alama hadi alama lazima ziwe tano. Akapima. Zikafika tano, na ikabaki zaidi ya shibiri. Akapima tena, nami sikuthubutu hata kupangusa kamasi.

Baba akakaa juu ya matofali, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama Atu! Njoo uone! Kumbe miaka yote hii nalima jaruba lililopinda!"

Akang'oa vigingi vyote vinne, akanipa nyundo. "Haya, mwalimu wangu. Pigilia wewe, mimi nashika kamba." Nilipigilia nikijiona mrefu kuliko milima ya kwetu. Jumatatu alinisindikiza shule akiwa na jogoo kwapani, akamkabidhi Mwalimu Sekela mbele ya darasa zima. "Ndaga fijo," akamwambia, ahsante sana. Jogoo akawika, darasa likaangua kicheko.

Leo mwenzenu nafundisha jometri hapa Iringa. Wanafunzi wangu kila mmoja ana mkebe mpya unaong'aa, na bado wananiuliza, "Madam, si kuna app?" Kila mwaka nawatuma wakapime kona za makwao, na wakikuta iliyopinda wamwambie baba. Nawapenda, wana akili kushinda mimi. Kazi wanaileta safi, nyuzi zote zimeandikwa. Ila nikiuliza baba alisemaje, wengi wanainamisha kichwa: "Alisema nimwambie kesho, Madam." Basi nasahihisha madaftari yao na kumkumbuka baba yangu, mkulima aliyechoka, mwenye tope mpaka magotini, aliyekuwa na nafasi ya kukosolewa na mtoto.