Klorini Iliyoachwa Ubaoni

Mwalimu wetu wa kemia alinichukia tangu siku niliyomwambia kwetu ni kisiwa cha Mfangano. "Nyar nam," alianza kuniita, binti wa ziwa, na jinsi alivyolitamka ungedhani nimeingia darasani na gunia la omena, dagaa wa ziwani. Nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni karibu na Rangwe, miaka ya tisini, na mimi pia sikumpenda.

Alikuwa ametufundisha polithini: chukua uzito wa polima, gawanya kwa uzito wa monoma, unapata idadi ya monoma zilizoungana. Ethini, monoma ya polithini, uzito wake ni ishirini na nane. Kesho yake akaleta PVC, plastiki ya mabomba ya maji, uzito wake elfu thelathini na tano. Akagawanya tena kwa ishirini na nane, akapigia jibu mstari: 1,250.

Nikainua mkono. "Mwalimu, umeacha klorini iliyomo kwenye PVC. Monoma hii ni sitini na mbili nukta tano. Jibu ni mia tano sitini."

"Njoo basi ufundishe."

Kwa ujinga wangu nikaenda. Nilipomaliza kuandika, alifuta kazi yangu kwa kiganja, akaiacha yake. Wiki nzima, kila kipindi cha kemia, nilikuwa nje nikifyeka nyasi.

Swali kama lile likaja kwenye mtihani wa majaribio. Niliandika 560, akanipa sifuri. Nikabeba karatasi mpaka ofisi ya walimu, nikampa mwalimu wa fizikia, mama mkali asiyependa mtu, hata mimi. Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti lake.

"Huyu msichana yuko sawa," alimwambia mwalimu wa kemia, aliyeketi meza ya pili.

"Ana kiburi."

"Sikukuuliza tabia yake. Mpe alama zake."

Mwalimu wa kemia akaniandikia alama tatu kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Walioandika 1,250 hakuwapunguzia alama, na darasani hakusahihisha kosa lake.

Nilijaribu kumweleza msichana tuliyeketi naye dawati moja. Akalisukuma daftari langu.

"Umeshamkasirisha, sasa anatuchapa sote. Mimi nitaandika alivyoandika yeye."

"Utakosa."

"Nikose. Wewe nyamaza tu."

Nikafunga daftari. Hadi tunafunga shule hakuna aliyeniuliza tena swali la kemia, na hata angeniuliza, nisingemjibu.