Elfu Arobaini za Msiba wa Nkunga

Nimewaona wajinga wengi hapa Makandana, lakini Andongwisye aliwazidi wote, maana ujinga wake aliuvalisha koti na tai.

Alikuwa na mashine ya kusaga, ya dizeli, aliyoinunua siku zile serikali ilipochoka kuendesha kila kitu na kusema kila mtu ajitafutie. Ukiwa na mashine enzi hizo ulikuwa mtu. Akina mama tulimsalimia kwa kuchuchumaa, naye akatuitikia kwa kidevu. Kisha ikaja ile masika mbaya, kilima kikaporomoka nyuma ya kibanda chake, matope yakaifukia mashine. Serikali ikatoa mkopo wa maafa kwa wenye biashara ndogo walioharibiwa na mvua. Andongwisye akapata, akajenga kibanda kipya, akaifufua mashine. Mpaka hapo sina neno baya.

Tatizo ni kwamba soko huria halikufunguliwa kwa ajili yake peke yake. Kasim, baba Naima, muuza mchele aliyehamia kutoka Kyela, alifungua mashine ya umeme ng'ambo ya barabara. Inasaga laini, haitoi moshi, na unga haunuki dizeli. Foleni ikavuka barabara, na mimi nikiwemo. Marejesho ya mkopo wa Andongwisye yakaanza kulala.

Sasa, njia zilikuwepo. Bwana Simon, afisa mikopo wa wilaya, alizieleza mkutanoni mpaka kuku wa jirani wakazielewa. Aliyekwama angeweza kuomba mwaka wa kupumua bila kulipa. Angeweza kuomba rejesho lipunguzwe na deni livutwe miaka zaidi. Angeweza hata kuiuza mashine mwenyewe kwa bei nzuri, alipe, abaki na chenji. Sharti lilikuwa moja tu: uje ofisini kabla hujafuatwa, useme kwamba umeshindwa.

Andongwisye aseme ameshindwa? Afadhali ameze nati. Siku ya mkutano alikaa mbele, na kila wadaiwa walipotajwa alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba wanazungumziwa watu wa wilaya nyingine.

Aliyekwenda ofisini ni mkewe Esnath, ambaye sisi tunamwita mama Lusungu. Alipanda mjini na kanga yake iliyofifia, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu yake ilipofika akasema yote: wateja wamehama, dizeli hatuna, akiba yetu ni ndama mmoja, na huyo tutamuuza ili mashine ipate mafuta. Bwana Simon alikuwa mtu wa haraka, lakini siku ile alimsikiliza. Akamwahidi ule mwaka wa kupumua, imebaki kamati ikae Jumatatu iupitishe.

"Mashine ikiendelea kuzunguka, mama, hakuna atakayeigusa," alimwambia.

Esnath alirudi akiimba. Nilimsikia kupitia uzio wetu, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu yale matope.

Wiki ileile akafariki mzee mmoja kule Nkunga. Ulikuwa msiba wa watu, ng'ombe wamechinjwa, wanaume wamejaa migombani. Kwetu rambirambi hutangazwa. Msemaji wa ukoo husimama akataja jina na kiasi kwa sauti ya kufika hadi jikoni. Mia mbili, mia tano, elfu moja kwa mwenye duka. Kisha tukasikia: "Andongwisye wa Makandana, mwenye mashine, shilingi elfu arobaini."

Ndama wa mafuta ya mashine alikuwa ameuzwa alfajiri bila mkewe kuambiwa. Esnath alilisikia tangazo hilo akiwa jikoni pamoja nasi, ameshika mwiko, na aliendelea kukoroga chungu ambacho kilishaiva.

Nje wanaume walinong'ona kwa heshima. Andongwisye akainuka kidogo, akashika tai, akakaa. Na kwenye viti vya wafiwa alikuwepo Bwana Simon, maana marehemu alikuwa mjomba wake. Akaja kumpa mkono.

"Ndaga fijo, mzee," akamshukuru. "Umetufaa sana."

Halafu akala nyama ya msiba, akafuta mdomo, na Jumatatu akaiambia kamati kwamba mtu wa kutoa elfu arobaini hana haja ya kupumua. Huyo naye simsamehe. Pesa imemzika mjomba wake, kisha akaigeuza ushahidi.

Nilimfuata Andongwisye kumuuliza alikuwa anawaza nini.

"Mkopo ni wa serikali, msiba ni wa watu," alinijibu, tena kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Ulitaka nitajwe na mia mbili?"

"Nilitaka utajwe na mia mbili, ndiyo," nikamwambia. "Mkeo amekuombea njia, wewe umeiziba kwa sifa."

Akaniangalia kwa kunihurumia. Nikaondoka kabla sijamtukana.

Lori la kuichukua mashine kwa ajili ya deni lilikuja mchana mmoja. Vijana wa kupakia walitoka Nkunga, walewale waliokula na kushiba kwenye msiba ule, na walimwamkia kwa adabu kabla ya kuanza kufungua nati. Andongwisye alisimama barabarani na koti lake, akawaambia wapita njia kwamba mashine inapelekwa Mbeya kufanyiwa matengenezo. Wengine walimpongeza.

Esnath hakungoja lori liondoke. Alijitwika debe la mahindi, akavuka barabara, akasimama mwisho wa foleni ya Kasim huku watu wote tukimtazama. Kasim alipomwona akatoka ndani, unga umemjaa kwenye nyusi, akampokea debe.

"Saga tu, mama Lusungu. Hela utaleta ukipata, nakupa muda."

"Usinipe muda, baba Naima," Esnath alisema, akifungua fundo la kanga kutoa sarafu. "Muda nilishapewa."