Mamba wa Bibi Nyanzala

Nilipokuwa mtoto, mamba wa kwetu walikuwa na wenyewe, kama ng'ombe. Mamba wasio na mwenyewe walikuwepo pia, lakini hao walikula mbwa na mbuzi waliozubaa. Mamba aliyekula mtu alikuwa ametumwa. Halikuwa jambo la kubishania. Wazee walisema mamba wa mtu ana shanga mguuni, huitwa kwa jina akaja, na akitumwa hupita katikati ya watu wengi wanaooga akamchukua yule yule aliyeagizwa, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kijiji chetu kiko ng'ambo, upande wa Sengerema. Siku hizi ukitoka Nyegezi, ninakoishi, unapita Usagara, unavuka daraja, na unafika chai ya kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Zamani zile tulisubiri kivuko mpaka tukawajua wauza mahindi kwa majina ya watoto wao. Nimekumbuka haya yote kwa sababu ya semina moja niliyoalikwa hapa mjini, yenye kichwa kirefu kuhusu jamii, viongozi na malezi ya vijana balehe. Tulipewa andazi na maji ya chupa. Kila aliyesimama alisema mtoto ni wa jamii nzima, na waliokaa wakapiga makofi. Nilipiga na mimi. Ni kweli kabisa, mtoto ni wa jamii nzima. Hicho ndicho kinachonitisha.

Nilikuwa na kaka, Mabula. Wazazi wetu walikufa mapema, tukalelewa na mama yake baba, Bibi Nyanzala. Mwaka huo ninaousimulia Mabula alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na mmoja. Kwetu vijana walilima kwa kundi, leo shamba la huyu, kesho la yule, kwa ngoma na nyimbo za kusukuma jembe. Kundi lilikuwa na mkuu wake, anaitwa nsumba ntale, na mkuu huyo ndiye aliyesema nani alime wapi, nani kachelewa, nani mvivu hafai kupewa binti wa watu. Mabula alikuwa na sauti, na nyimbo alitunga mwenyewe. Mkuu wa vijana alishaanza kumwita "msaidizi wangu" mbele za watu. Kaka yangu alitembea kama mtu aliyemeza taa.

Kisha mamba akamchukua Neema.

Neema alikuwa mtoto wa jirani, amenizidi kidogo tu. Tulikwenda mwaloni mchana kuchota maji. Mwalo wetu ulikuwa kila kitu: hapo mitumbwi ilipotua, hapo watu walipofua, walipoparua samaki, walipochota maji ya kunywa. Tulisimama watatu, maji yametufika magotini. Aliyekuwa kulia kwa Neema alibaki. Aliyekuwa kushoto kwake alibaki pia, na huyo wa kushoto nilikuwa mimi. Watu huniuliza kama alipiga kelele. Hakupiga. Ilikuwa kama mtu aliyevutwa shuka akiwa usingizini. Ndoo yake ilibaki ikielea.

Nilipofika nyumbani Bibi alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama sana. Sikumsikia akimshukuru Mungu. Alisema, "Umepona. Sasa watakuja kuniuliza kwa nini umepona."

Hawakuchelewa. Neema alisimama bega kwa bega na mjukuu wa Nyanzala, Neema akaliwa, mjukuu akaachwa. Na wiki ile ile Bibi na mama yake Neema walikuwa wamegombania jiwe la kufulia. Na Bibi alikuwa mjane, macho mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyokaushia samaki. Na kila jioni alionekana mwaloni akimwaga kitu majini.

Kitu chenyewe kilikuwa utumbo wa samaki. Bibi alinunua samaki kwa wavuvi, akaparua, akapaka chumvi, akakausha, akauza. Uchafu aliumwaga hapo hapo, alipoumwaga kila mwanamke wa kijiji tangu bibi zao. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kujiuliza mamba anafuata nini mahali watu wanapomwaga utumbo wa samaki halafu wanaingiza miguu. Lakini swali hilo lilikuwa na jibu lililowahusu wote, na jibu la namna hiyo halipati mteja.

Mkutano uliitishwa na kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Aliitwa mzee Luhende. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mpole, aliwahi kunitoa mwiba mguuni akinipigia hadithi ili nisilie. Uamuzi ulikuwa kwamba nyumba yetu itengwe. Tusisalimiwe, tusiitikiwe, tusipewe moto, tusisagiwe, na tukifa tusizikwe. Atakayevunja atatoa ng'ombe aliwe na kijiji. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akasema hilo ni jambo la mila, serikali haimo. Katekista alikuwepo, akasema hilo ni jambo la kijiji, kanisa halimo. Basi hakukuwa na aliyekuwemo isipokuwa sisi.

Watu hudhani kutengwa ni njaa. Tulikula. Kilichotuumiza ni salamu. Mtoto wa kwetu hufundishwa shikamoo kabla hajajua kulitamka jina lake. Ukiitoa isirudi, unabaki umeishika mkononi hujui uiweke wapi. Mimi nilizoea upesi, maana nilikuwa na roho ngumu na bado ninayo. Nikikutana na mzee njiani nilimpigia kwa sauti ya kanisani: "Shikamoo, baba!" Nikafurahi kuona shingo yake ikihangaika, mwili unataka kuitika na sheria inakataza. Watoto wenzangu, ambao sheria haikuwabana sana, waliniimbia kwenye uzio, "Mamba wenu kashiba? Leo mmempa mboga gani?" Nikawajibu, "Mama yako!" Bibi akanichapa kwa jibu hilo. Tusi ni tusi, alisema, hata ukitengwa.

Mabula hakuzoea. Alikuwa katika ule umri ambao mtu ni kile anachosemwa. Sisi watu wazima tunaouita umri wa ukaidi hatuutazami vizuri. Sijaona watu watiifu kama vijana wa miaka kumi na mitano, shida ni kujua wanamtii nani. Aliamka, akaosha uso, akakaa mlangoni akitazama njia. Alikonda.

Asubuhi moja tulisikia kundi la vijana likilima shamba la jirani. Wimbo waliouimba ulikuwa wa Mabula. Sauti ya Mabula, mapigo ya Mabula, pale pa kupumzika na pale pa kushusha jembe. Maneno tu ndiyo yalikuwa mapya: bibi kizee anafuga, hafugi mbuzi, hafugi kuku, zizi lake liko majini. Walicheka katikati ya wimbo. Mabula alikuwa amesimama uani na jembe. Taratibu, nadhani bila kujua, vidole vyake vikaanza kugonga mpini kwa mapigo yale.

Bibi aliona. "Mabula, ingia ndani."

"Wimbo ni wangu, Bibi."

"Ndiyo maana nakwambia ingia."

Baadaye, tukiwa tunapepeta mtama, aliniambia mimi, kana kwamba nilikuwa mtu mzima mwenzake, "Huyu asipoitikiwa ataharibika. Wa kwanza atakayemwita, atamwitikia. Awe mtu, awe fisi."

Aliyemwita alikuwa mzee Luhende. Alikuja mchana kweupe, akasimama nje ya uzio wa minyaa, na hapo akakwama, kwa sababu alikuwa amekataza mwenyewe mtu kusema nasi. Tulikuwa na mbwa, jina lake Watasema. Bibi alimpa jina hilo zamani, kabla hawajasema. Luhende alimtazama mbwa, akakohoa.

"Watasema, hujambo?"

Mbwa akatikisa mkia. Alikuwa wa kwanza nyumbani mwetu kusalimiwa tangu mkutano.

"Watasema, mwambie kijana wa humu kijiji hakina ugomvi naye. Yeye ni mtoto wetu. Akija kukaa kwangu ataitikiwa, na ngoma yake inamsubiri."

Bibi hakuinua kichwa kwenye ungo. "Watasema, muulize mgeni wako, na kijana atatoa nini?"

"Watasema, hatatoa kitu. Aseme tu alichokiona kwa macho yake, mbele za watu. Hatumwambii adanganye."

"Watasema, mpe mgeni wako kigoda. Amesimama juani, na si kijana tena."

Mzee Luhende alitaka kucheka, niliona mdomo ukimponyoka, akaurudisha. Mimi nilijiziba mdomo kwa kanga ya Bibi. Mabula peke yake hakuona kichekesho. Alikuwa anamtazama mbwa, na sura ile sikuijua mpaka nilipokuwa mkubwa: alikuwa anamwonea wivu.

Kesho yake Bibi alimkunjia Mabula blanketi la kwenda nalo kwa Luhende. Nilimlilia amzuie. "Nimzuie abaki na nani?" alisema.

Tuliitwa mkutanoni. Tulikaa chini peke yetu, kati yetu na watu pameachwa nafasi ya kutosha kufunga ng'ombe. Mabula alisimama upande wa vijana, amevaa shati la mtu mwingine. Luhende alimuuliza polepole, kama baba.

"Ulimwona bibi yako akimlisha mamba?"

"Nilimwona."

"Lini?"

"Kila jioni. Ndoo nilibeba mimi."

Na hakusema uongo. Wanawake wakaguna kwa mshangao, wanawake wenye magamba ya samaki yaliyokauka kwenye viwiko vyao. Nilisubiri mmoja, hata mmoja, aangalie viwiko vyake. Kisha mkuu wa vijana akaita, "Mabula!" na kaka yangu akajibu, "Naam!" Sijawahi kusikia tena naam ya namna ile. Ilitoka tumboni. Ngoma ikapigwa mara moja, watu wakatawanyika, na njiani wazee walimpa mkono mmoja mmoja.

Bibi hakumtazama vibaya. Alijifuta vumbi kwenye kanga akasema, "Sauti yake imerudi."

Tuliambiwa tuhame kabla ya mvua. Tulikwenda Usagara kwa shangazi, aliyekuwa na mgahawa wa chai pale njia panda. Bibi aliishi huko miaka kadhaa, akazikwa na watu waliojua tu kwamba alikuwa hodari wa samaki wa chumvi. Mabula hakuja mazikoni. Aliyefukuzwa na kijiji hazikwi na kijiji, na yeye wakati huo alishakuwa mkuu wa vijana. Sheria aliishika. Mimi nilisoma, nikasoma tena, mpaka nikaanza kualikwa kwenye semina. Mwaloni kwetu mamba alichukua mtu mwingine, Bibi akiwa ameshalala ardhini ng'ambo ya pili. Wakamtafutia mwenyewe mwingine.

Baada ya ile semina ya andazi nilivuka daraja kwenda kumwona kaka yangu. Mabula ndiye kamanda wa sungusungu sasa. Mke wake alinichinjia kuku, na wanawe waliniamkia mpaka nikachoka kuitika. Lazima niseme kweli: wanampenda. Wizi wa ng'ombe umekwisha, vijana wanamsikiliza, kijana akikorofisha, wazazi humleta kwake. Ukitaka kiongozi anayejua kijana anahitaji nini, ni yeye. Anajua kuliko wote tuliokaa semina.

Jioni, jua likiwa bado lipo, tulitembea kuelekea mwaloni. Harufu ilikuwa ile ile. Wanawake walikuwa wanaparua, utumbo unaelea, na watoto wameingia majini na madumu. Kabla ya kufika tulipita nyumba moja iliyojitenga kidogo. Binti wa kama miaka kumi na mitano alikuwa anafagia uwanja. Alituona, akapiga goti.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Shingo ya Mabula ikafanya jambo ninalolijua.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

"Mdogo wangu," Mabula alininong'oneza bila kusimama, "usinifanyie hivyo. Wewe mgeni. Hawa wana mambo yao."

"Mambo gani?"

"Ya majini."

"Utanitoza ng'ombe?"

"Nitamtoa mimi," alisema, na hakuwa anatania. Uso wake ulichoka ghafla, nikaona utosi wa Bibi, paji la Bibi.

"Unamkumbuka Watasema?" nikamuuliza.

"Alikuwa mbwa mzuri," akasema.

Niligeuka nyuma. Nilidhani nitamkuta yule binti akinitazama, labda amefarijika, kwa kuwa hata sisi wenye roho ngumu tunapenda kushukuriwa. Hakunitazama. Marahaba yangu ilikuwa ya mtu wa kupita, ya mtu atakayekuwa amevuka daraja kabla taa hazijawashwa, na yeye ataamka kesho hapo hapo. Alikuwa amesimama na fagio mkononi, macho yote kwenye mgongo wa kaka yangu, akisubiri.

Nilimwambia Mabula, kwa sauti ambayo wanawake wa mwaloni waliisikia, "Mwitikie. Kabla hajaitwa na mwingine."

Mabula alisimama. Nataka niamini kwamba alisimama. Inawezekana alikuwa anatazama tu pa kukanyaga, maana hapo njia ina utelezi wa utumbo wa samaki. Kisha akaendelea kutembea.