Fundi wa Viraka Aliyesema Leso Hazikutosha

Saa mbili unusu asubuhi, Mapenzi Mramba ameinama juu ya meza ya saiba moja, duka la intaneti na kuchapisha, mtaani Bombolulu, rula mkononi, akipima kimraba kilichochapwa kwenye kona ya karatasi. Anapima ubavu mmoja, kisha wa pili. Anavaa miwani na kupima tena.

"Mama Purity, hako kaboksi kamekukosea nini?" anamtania Roseline, mwenye saiba. "Ama unadhani mashine yangu ni mwizi?"

"Mashine yako haina neno, mwanangu. Ni mimi nisiyejiamini," anajibu Mapenzi, bila kuinua macho.

Mapenzi, mwenye umri wa miaka 52, hushona mifarishi ya viraka, yale matandiko mazito ya vipande vya nguo vilivyounganishwa kwa maua na nyota. Michoro yake huitoa kwenye majarida ya ushonaji ya mtandaoni, anayoyapakua kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Akipenda mchoro, huenda saiba kuuchapa, akate karatasi, kisha akate kitambaa kwa kuifuata.

Kushona alijifunza ujanani, katika karakana ya kazi za mikono papo hapo Bombolulu. Majarida aliyajua baadaye, mgeni mmoja aliyenunua mfuko wake alipomwekea moja kwenye simu. Hakulala vizuri usiku ule kwa furaha.

"Kiingereza changu ni cha kuokoteza," anasema, "lakini picha naisoma, na inchi ni inchi, hata Ulaya."

Mfarishi mmoja humchukua karibu mwezi, naye huuuza kwa shilingi elfu saba akipata mteja asiye na mdomo mrefu wa kuteta bei. Katikati ya kazi hizo hutia mapindo ya pazia na sare za shule, maana tumbo halingoji nyota ziishe.

Kimraba kile ndicho roho ya kazi nzima. Majarida hukiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa mchoro, upana wake inchi moja kamili. Ukichapa na kikatoka pungufu, ujue mashine imeufinya mchoro ili uenee kwenye karatasi, na kila utakachokata kitakuwa kidogo. Mapenzi alilijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana jambo lililotokea mwaka juzi linamuuma mpaka leo.

Mwaka huo alijiwa na Dhahabu, mama wa makamo kutoka Junda aliyekuwa amefiwa na mamake. Alibeba furushi la leso, yaani kanga, za marehemu. Lilifungwa na kutumwa na mdogo wake Dhahabu, Kanze, aliyebaki nyumbani Kaloleni. Dhahabu hakuwa amelifungua.

"Aliniambia, 'Fungua wewe, fundi. Mimi nikinusa harufu ya mama sitaweza kusimama,'" anakumbuka Mapenzi. "Mlikuwa na leso za kanisani, za kubebea wajukuu, na moja iliyoungua na pasi. Alitaka mfarishi wa kitanda kikubwa, na kitambaa kingine chochote kisiingie ndani."

Mapenzi alichagua mchoro wa nyota, akachapa kurasa za mwanzo kwa Roseline. Kimraba kilikuwa sawa. Akakata na kuzishona nyota za kwanza, nazo zilikaa vizuri ajabu. Aliporudi kuchapa kurasa zilizobaki, mashine ya Roseline ilikuwa imeharibika, naye akaenda saiba nyingine ya njiani. Ukurasa wenye kimraba alikuwa nao tayari nyumbani. Aliona hasara kuuchapa mara ya pili.

"Shilingi kumi," anasema. "Niliokoa shilingi kumi."

Mashine ile ngeni iliufinya mchoro. Mapenzi alikata leso zote zilizobaki kwa karatasi zile, kwa moyo mweupe, huku akiimba. Alipozipanga nyota mpya kando ya zile za kwanza, mistari haikukutana. Akivuta huku, kunakunjika kule. Zaidi ya theluthi moja ya leso za marehemu ilikuwa imekatwa vibaya, na nguo ikishakatwa haina toba.

Angeweza kusema. Dhahabu angelia, wangekaa chini, wangetafuta njia. Lakini Mapenzi aliona aibu, na aibu ilimpa jibu jepesi. Vipande vilivyoharibika alivisokomeza kwenye gunia chini ya kitanda. Mfarishi akaumalizia mfupi, wa kufika magotini, na mteja alipokuja akamwambia, "Pole, mama. Leso hazikutosha."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mapenzi ilifika mpaka Kaloleni. Dhahabu alijua mamake alikuwa mpenda leso, na sasa anaambiwa hazikutosha kitanda! Nani alilifunga furushi, kama si Kanze?

Mapenzi alikuja kuyajua hayo Pasaka iliyopita, Dhahabu alipomletea pazia. Mapenzi alikuwa amepiga magoti, anapima pindo, mteja akizungumza akiwa amesimama. Dhahabu alisimulia jinsi alivyomwita mdogo wake mwizi wa vitu vya maiti, mbele ya watoto wa mdogo huyo, na jinsi Kanze alivyofunga mlango. Tangu siku hiyo hawasemezani, na harusi ya kwanza ya mtoto katika ukoo wao ilipita Kanze hayuko.

"Nilikuwa na pini mdomoni," anasema Mapenzi. "Nilizishukuru pini zile, kwa sababu mtu mwenye pini mdomoni haulizwi kwa nini hajibu. Mungu anisamehe."

Miezi ilipita akiificha siri hiyo. Kanisani hakuweza kutamka Sala ya Bwana mpaka mwisho. Jumatatu wiki hii alichukua simu na kumpigia Dhahabu, akaeleza yote, kuanzia mashine hadi gunia.

Dhahabu hakumtukana. Mapenzi anasema heri angemtukana. Aliuliza tu, "Kwa hivyo Kanze alileta zote?"

"Zote, mama. Hakubakisha hata moja."

"Na mimi nilimwambia maneno yale. Nitayarudisha vipi, na simu yangu hashiki?"

Hapo ndipo mpango wa Mapenzi ulipopatikana. Jumamosi hii anasafiri kwenda Kaloleni kwa Kanze, mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Amekunja vipande vyote vilivyoharibika, kila leso peke yake, ili Kanze azitambue.

Roseline amemshauri atume ujumbe tu, asije akafukuzwa na mbwa. Mapenzi ametikisa kichwa.

"Sendi kuomba msamaha wangu," anasema. "Nitaketi hapo uani mpaka ampigie dada yake, nisikie kwa masikio yangu wakisemezana. Wakishasemezana, mimi na aninunie mpaka nizikwe."