Chinsaga za Mbegu

Harufu ya chinsaga zikichemka haimvutii mgeni. Ni kali, inaingia puani na kukaa humo, na ukishazichuma, vidole vyako vitanuka hadi kesho yake hata unawe kwa sabuni gani. Watu wa pwani huiita mboga hiyo mgagani. Kwetu Kisii ni mboga ya heshima. Mgeni wa maana huandaliwa hiyo, na mwanamke aliyejifungua hulishwa hadi aikinai, kwa kuwa tunaamini inarudisha damu na kuleta maziwa. Mwaka aliozaliwa kitinda mimba wetu, harufu hiyo ilijaa nyumbani kwetu karibu na Keumbu tangu Januari hadi mvua za Machi, na nikiikumbuka leo, kinachonijia kwanza ni uchovu.

Mama alirudi kutoka hospitali viganja vimepauka. Alikuwa amepoteza damu nyingi, na hata kuketi kitandani kulimtoa jasho. Baba alikuwa Narok kwenye kazi za ujenzi, akija nyumbani kwa nadra. Nyanya, mama yake Baba, akahamia jikoni kwetu na kutawala humo. Mimi nilikuwa darasa la sita, tena binti wa kwanza, basi shamba dogo la mboga nyuma ya zizi likawa langu. Hakuna aliyeniuliza kama ninalitaka.

Chinsaga zina haraka ya maisha. Huota, huchanua, hubeba mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja, na jua likizidi, haraka nayo huzidi. Ukiziachia maua, nguvu zote huenda huko juu, na majani hubaki madogo, magumu, machungu kama dawa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule nilipita katikati ya mistari nikivunja vichwa vya maua kwa kucha. Yalikuwa maua mazuri, meupe yenye wekundu kidogo, na nyuzi ndefu zilizochomoza kama masharubu ya paka. Siku za mwanzo niliyaonea huruma, lakini huruma hiyo haikudumu. Jioni niliteremka chemchemini bondeni, nikapanda mlima na jerikeni ya maji kichwani, nikanyweshea mashina, nikateremka tena. Jumamosi ilikuwa Sabato, hatukugusa kazi, na nadhani maua yaliijua Sabato kutushinda sisi, maana Jumapili nililikuta shamba zima limechanua kana kwamba sijawahi kulitia mkono. Nilikuwa nikilala darasani, na mwalimu wa hesabu alishachoka kuniamsha.

Mstari mmoja tu sikuruhusiwa kuugusa, ule wa mwisho kando ya ua. Huo ulikuwa wa mbegu. Mama alipoolewa alikuja na mbegu za chinsaga kutoka kwao Sironga, alizofungiwa na mamake kwenye pembe ya leso, na kila msimu aliacha mstari mmoja uchanue upendavyo, maganda yakauke, kisha akayapukuchua juu ya ungo. Msimu ule alikuwa amezipanda zote, hakubakiza hata za kufunga kwenye kitambaa. Mamake alikuwa ameshafariki, na kule Sironga wajomba walikuwa wamepanda chai hadi mlangoni, wala hakuna aliyekumbuka kuweka mbegu za mboga. Kwa hiyo zilizobaki duniani za mamake zilikuwa hizo kando ya ua wetu. Kila jioni Mama aliniuliza, kabla hata ya habari za shule, "Kemunto, zile za mwisho zinaendeleaje?" Nilimwambia zimechanua. Siku nyingine nikamwambia zimeanza kufunga maganda. Alifumba macho na kutabasamu kidogo, na hilo ndilo tabasamu pekee lililopatikana nyumbani kwetu mwezi huo.

Februari jua lilitushinda. Mistari mingine ilikauka hata kwa maji yangu, na Nyanya akawa anaomba mboga kwa majirani ambao nao hawakuwa nazo. Ikafika Ijumaa ambayo Mama alijaribu kusimama akaanguka kando ya kitanda, na mtoto akalia mchana kutwa kwa sababu ziwa halikuwa na kitu. Kwetu chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa. Jua likishazama, mtu hawashi moto wa kupikia, na Nyanya hakuwa mtu wa kujadiliana na sheria hiyo. Chinsaga nazo hazitaki haraka: huchemshwa, maji yakamwagwa, zikachemshwa tena, kisha zikatiwa maziwa ndani ya chungu na kuachwa zilale ili uchungu upungue. Jirani aliyetumwa soko la Keumbu alirudi na kabeji. Nyanya aliitazama ile kabeji, akalitazama jua, akachukua kisu.

Nilipopanda kutoka chemchemini nilikuta mstari wa mwisho umebaki visiki. Nyanya alikuwa ameketi jikoni akichambua majani, huku maua na maganda mabichi akiyarushia mbuzi.

"Nyanya, hizo ni za Mama," nikasema.

"Najua ni za nani," akanijibu bila kuinua macho. "Chochea moto."

Nilichochea. Mama alikula Sabato yote bila kuuliza, akala na Jumapili, na Jumatatu maziwa yakatoka. Siwezi kuapa kwamba ni mboga iliyofanya hivyo, kwani alikuwa pia akimeza vidonge vya damu alivyopewa hospitali. Ninachojua ni kwamba mtoto alinyamaza, na sisi sote tukalala. Baada ya siku chache Mama alitoka nje mwenyewe, akishika ukuta, akafika nyuma ya zizi. Nyanya alimfuata, nami nikabaki kando ya zizi na jerikeni yangu.

"Ni mimi nilikata," Nyanya akasema. "Mbegu nitakutafutia nyingine. Mtoto huyu ningemtafutia wapi mama mwingine?"

Mama hakugombana na mama mkwe wake. Alisema, "Asante, Mama," akarudi ndani, akalala akiangalia ukuta.

Nyanya alitimiza neno lake, akaleta mbegu mvua ziliponyesha. Mama alizipanda na kuzipalilia vizuri tu, lakini tangu msimu huo hakuacha tena mstari wa mbegu. Alivunja kila ua, hadi la mwisho, na mbegu za kupanda tena aliomba kwa yeyote aliyekuwa nazo.

Kwa miaka mingi nilimwonea Mama uchungu na kumnunia Nyanya, hata alipozeeka na kuzikwa. Kisha nikazaa watoto wangu, nikajua mwili unavyoweza kumwishia mtu huku mtoto akidai. Siku hizi naona kwamba ningekata pia, tena mapema kuliko Nyanya. Na bado, nikiwafikiria wale mbuzi wakitafuna maganda mabichi, moyo unaniuma.

Sasa ninafanya kazi katika duka la dawa mjini Kisii na kuishi Mosocho. Mama anakaa nami tangu magoti yalipomkataa. Nimepanda chinsaga kwenye magunia kando ya ukuta wa jikoni, mbegu za pakiti kutoka duka la pembejeo, zenye majani mapana na uchungu kidogo tu. Ninavunja maua alfajiri kabla ya kwenda kazini na kunyweshea jioni miguu ikiwa imevimba kwa kusimama. Maji yako mferejini, siteremki bonde lolote, na ninachoka vilevile. Jumapili ninampikia, ninazichemsha mara mbili, ninatia maziwa na kuzilaza kama Nyanya alivyofanya. Mama huonja, hutafuna polepole, huniangalia, kisha husema ni tamu sana, kwa adabu ile ya mtu aliyealikwa chakula kwa watu asiowafahamu.